Tasa ya Shaba Yenye Ayatul Kursiy: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kondoa

Katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kondoa, kama kilomita 160 kaskazini ya jiji la Dodoma, bibi mmoja alifariki akaacha sanduku la mbao. Chini kabisa ya sanduku hilo, kikiwa kimefungwa kwa kipande cha kaniki, kilikutwa kikombe cha madini kisicho na mkono, chenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa ndani kuanzia ukingoni hadi kitakoni. Kabla ya arobaini kusomwa, mjukuu mmoja alikuwa amekwisha kukipeleka Dodoma kwa mnunuzi wa vitu vya zamani, ambaye alikishika, akakigusisha sumaku, akasema kwamba ni fedha tupu, kwamba kimetoka Makka na kwamba kina zaidi ya miaka mia mbili, kisha akaahidi shilingi milioni moja na nusu endapo kitaletwa kikiwa kimesafishwa. Kijana akarudi nyumbani akakisugua kwa ndimu na mchanga mpaka kikang'aa. Binti wa marehemu, ambaye familia nzima humwita shangazi, alipokiona kimebadilika rangi alilia, akasema kwamba kikombe kile hakikuwa mali ya kuuzwa, wala mama yake hakuwahi kukiita chake.

Mimi ni mwalimu wa historia, na kwa kuwa nilisoma chuo cha Qur'ani utotoni huombwa mara kwa mara kusoma maandishi ya Kiarabu yaliyo kwenye vitu vya zamani. Mtoto wa kwanza wa marehemu, mzee anayeishi Dodoma, aliniomba nikitazame kikombe hicho kabla ya kikao cha familia na niseme mambo matatu: ni cha nini, ni cha lini, na je, kinaweza kuuzwa. Nimeruhusiwa kukiandika kisa hiki bila majina, na ninakiandika kwa sababu naamini kwamba vikombe vingi vya namna hii vinapotea katika mikoa yetu ya kati kwa njia hii hii: mtu anasoma bei kabla hajasoma maandishi, tena akiyasoma maandishi anasahau kusoma uchakavu.

Nianze na madini, kwa kuwa ndiko udanganyifu ulikoanzia. Sumaku ya mnunuzi haikuthibitisha chochote, kwa sababu sumaku haivuti fedha, wala shaba, wala bati. Inachoweza kukuambia ni kwamba kitu si chuma, basi. Weupe uliomfanya kijana aamini kwamba ameshika fedha ulikuwa ndani ya kikombe tu, na ukingoni, pale palipolika, rangi ya manjano ilionekana wazi. Huo ni utando wa bati. Mafundi wa zamani walitia bati ndani ya vyombo vya kunywea na kupikia ili chakula na kinywaji chenye ukali kisigusane na shaba, na bati jipya humeta kama fedha kiasi cha kumhadaa hata mtu mwangalifu.

Hata hivyo sikutaka familia iniamini mimi badala ya kumwamini mnunuzi, kwa hiyo tulipima pamoja mezani. Kwenye mzani wa jikoni kikombe kilikuwa na gramu 290. Kisha tuliweka beseni dogo la maji juu ya mzani, tukarudisha mzani kwenye sifuri, tukakining'iniza kikombe kwa uzi hadi kikazama chote pasipo kugusa chini wala pembeni. Mzani ukasoma gramu 34, maana yake kikombe kilikuwa kimechukua nafasi ya mililita 34 za maji. Ukigawa 290 kwa 34 unapata takribani 8.5. Fedha safi ni kama 10.5, shaba nyekundu ni karibu 8.9, na shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, huwa kati ya 8.4 na 8.7. Kama kingekuwa fedha, mzani ungesoma kama 28 tu. Kijana alifanya hesabu hiyo mwenyewe, mara mbili, na baada ya hapo neno fedha halikutajwa tena katika nyumba ile.

Kulikuwa pia na sababu ya kidini ya kutotarajia fedha. Hadithi sahihi zinakataza kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha, na mtu anayechonga maneno ya Qur'ani ndani ya chombo cha kunywea hawezi kudhaniwa kuwa halijui katazo hilo, wala mnunuzi wake hawezi kudhaniwa hivyo. Shaba iliyotiwa bati ndiyo iliyokuwa madini ya vyombo vya namna hii katika nchi nyingi za Kiislamu, na kwetu vilikuja na jina lake: tasa, neno tulilolipata kutoka Kiarabu. Shangazi ndiye aliyelitumia. Wengine wote walisema kikombe.

Utengenezaji wake ulikuwa wa mkono. Ukipitisha kidole kwa nje unahisi mabonde madogo ya nyundo, na unene wa ukingo haulingani pande zote. Michoro ya herufi nayo ni ya patasi: chini ya kila mfereji, ukitazama kwa kioo cha kukuzia, kuna vidaraja vidogo vilivyoachwa na ncha ya chuma kila ilipopigwa, ilhali maandishi yaliyoliwa kwa tindikali huwa na sakafu laini na kina kinacholingana. Jambo hili lina uzito, kwa sababu vyombo vya shaba vyenye aya hutengenezwa hata leo kwa maelfu, hasa India, ambako mji wa Moradabad unajulikana kwa kazi hiyo, na vingi huuzwa kwa jina la vitu vya kale.

Maandishi yenyewe yalinichukua jioni nzima. Yanaanza kwa Bismillahi karibu na ukingo, yanafuatiwa na Ayatul Kursiy, yaani aya ya 255 ya Surat al-Baqara, inayozunguka ndani ya kikombe kwa mistari miwili, na kitakoni, ndani ya duara, kuna Surat al-Ikhlas. Hakuna dua ya Nadi Ali wala majina ya watu watano wa nyumba ya Mtume, ambayo mtu angeyatarajia kwenye chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya Mashia, na hakuna miraba ya namba ya talasimu, kama ule wenye vyumba tisa ambao kila safu yake hutoa jumla ya 15. Ni Qur'ani tupu. Ndani ya Ayatul Kursiy kuna kosa: mahali panaposema kwamba Mwenyezi Mungu hashikwi na kusinzia wala kulala, mchongaji ameruka neno "wala". Kijana mmoja hafidhi wa pale kijijini ndiye aliyeliona kabla yangu, kwa sababu alikuwa akisoma kwa moyo na macho yake yakakwama. Baadhi ya wanafamilia waliingiwa na hofu kwamba kosa hilo ni dalili ya chombo bandia. Sikuona hivyo. Mchongaji alikuwa akinakili kutoka karatasini kwenye uso uliopinda, na nafasi ilikuwa inamwishia, kwani herufi zinaanza kubanana maneno machache kabla ya pale. Kosa kama hilo hutokea kwa mkono unaofanya kazi, si kwa mashine inayorudia kielelezo kilichokwisha kusahihishwa.

Sasa tarehe, ambayo ndiyo iliyonipa shida. Chini ya kitako, kwa nje, kuna tarakimu nne za Kiarabu. Mbili za kwanza ni 12 na ya mwisho ni 8, zote bila shaka. Ya tatu ilikuwa imebaki na mguu mmoja tu ulioinama, kwa sababu mchanga ulikuwa umeula mwingine. Msomaji anayezijua tarakimu hizo anaelewa tatizo: saba huandikwa ٧ na nane huandikwa ٨, moja ni nyingine iliyopinduliwa, na mguu mmoja ulioinama kuelekea kulia unaweza kuwa mguu wa kulia wa saba au mguu wa kushoto wa nane. Kwa hiyo mwaka ulikuwa ama 1278 ama 1288 wa Hijria.

Ndugu mmoja aliona tofauti ya miaka kumi ni ndogo mno kuumiza kichwa. Mwingine alijumlisha 1288 na 622 akapata 1910, akasema basi kililetwa na reli, maana reli ya kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Hesabu hiyo hufanywa na watu wengi na ina kasoro, kwa kuwa mwaka wa Hijria hufuata mwezi na ni mfupi kwa siku kama kumi na moja. Unapaswa kuzidisha mwaka kwa 0.97 kwanza, ndipo uongeze 622. Mwaka 1278 ulianza Julai 1861 ukaisha Juni 1862. Mwaka 1288 ulianza Machi 1871 ukaisha Machi 1872.

Na hapo miaka kumi ikawa si midogo tena. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, imeuweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuchongwa na binadamu kabla ya mwaka huo kinahesabiwa kuwa kale, na kinalindwa kwa namna yake. Kikombe cha 1278 kingekuwa upande mmoja wa mpaka huo, na cha 1288 upande wa pili. Mguu mmoja wa tarakimu moja, uliofutwa kwa kiganja cha mchanga, ulikuwa ndio unaotenganisha.

Ninapaswa kukiri kwamba nilipokisoma mara ya kwanza, kwa mwanga wa mchana, nilisema 1278, na nilisema kwa sauti ya uhakika. Kilichonirudisha nyuma ni simu ya binti mdogo wa shangazi. Siku ya tatu baada ya mazishi alikuwa amepiga picha za vitu vya bibi kwa kumbukumbu yake, pamoja na kikombe kikiwa kimepinduliwa, kabla ya ndimu na mchanga. Picha haikuwa kali, lakini uchafu mweusi wa miaka mingi ulikuwa umejaa ndani ya mifereji kama wino, na tarakimu ya tatu ilisomeka: miguu miwili inayokutana juu. Ilikuwa nane. Usiku tulizima taa tukakimulika kikombe kwa tochi iliyolazwa pembeni ili mwanga uchane juu ya shaba, na tukapata kivuli hafifu cha mguu wa pili upande wa kulia, pale pale picha ilipouonyesha. Mwaka ni 1288.

Ule weusi uliochukiza macho ya mnunuzi ndio uliokuwa ukiyahifadhi maandishi. Ndimu huyeyusha kutu na utando wa juu wa shaba, mchanga huparuza kingo za herufi, na kila mfereji unaopoteza kina chake haurudi. Yeyote aliye na chombo cha namna hii, na mikoa yetu inavyo, namsihi asikisugue. Kitambaa laini kikavu kinatosha, na kama kuna kutu ya kijani inayomeng'enyuka kama unga, akitenge mahali pakavu na kutafuta mtu wa makumbusho.

Nimekaa muda mrefu kwenye tarehe, lakini ushahidi ulio mkubwa kuliko tarehe ulikuwa ukingoni. Ukingo wa kikombe umelika mahali pamoja tu, kwa upana wa vidole vitatu hivi, hadi bati limekwisha na shaba imekuwa nyembamba na laini kama kucha. Mahali hapo ni juu kabisa ya neno Bismillahi. Kikombe kisicho na mkono hakina upande wa mbele. Mtu hukishika kokote na kunywea kokote, na kwa miaka mia na hamsini ukingo ungelika sawasawa pande zote. Hiki hakikulika hivyo. Nilimwuliza shangazi, kabla sijamwonyesha nilichokiona, marehemu alikuwa akikitumiaje. Alijibu kwamba mama yake alikuwa akitia maji safi jioni, akakifunika, akakiacha usiku kucha, na asubuhi akikishika kwa mikono miwili na kukizungusha polepole mpaka "Bismillahi ikae mdomoni kwa mgonjwa." Wanyweshwaji walikuwa wanawake waliokaribia kujifungua na watoto wenye homa. Naye marehemu alikuwa amefundishwa hivyo na mama yake.

Sikuhitaji zaidi ya hapo kujibu swali la kwanza. Wasomaji wengi wanalijua kombe la zafarani: aya huandikwa kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, huoshwa kwa maji, mara nyingi na marashi ya waridi, na mgonjwa huyanywa. Tasa hii ni ndugu ya kombe hilo, isipokuwa hapa maandishi hayaoshwi bali hubaki, na maji ndiyo yanayopita juu yake. Vyombo vya aina hii vilitengenezwa Shamu, yaani upande wa Siria, tangu karne ya 12, na desturi yake ikasambaa hadi Uajemi na India. Kuhusu uhalali wa kombe, wanazuoni wamehitilafiana: wapo walioruhusu wazi kuandika Qur'ani kwa wino ulio safi, kuiosha na kuinywa, na wapo wanaosema kwamba jambo hilo halina msingi wa kutosha katika Sunna. Sheikh wa msikiti wa kijiji alisema maneno machache tu, kwamba marehemu alikuwa akitumaini kwa Mwenyezi Mungu na si kwa shaba, na kwamba hilo lawatosha walio hai. Nami siongezi.

Njia iliyokifikisha Kondoa si ngumu kuiwaza. Miaka ya 1870 misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikakatiza nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo ambako watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa ajili ya maji na chakula, kisha ikaendelea Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Shaba, hasa ya nyaya, ilikuwa miongoni mwa bidhaa zake za kawaida pamoja na nguo na shanga. Kondoa Irangi nayo ilipata wafanyabiashara wa pwani kabla karne hiyo haijaisha. Familia ina masimulizi ya babu aliyefuata msafara akarudi na mke na dini. Katika nchi ambayo mvua yake ni chache na maji ya visima vingi yana chumvi, chombo cha maji ya dua kingethaminiwa hata bila tarehe.

Likabaki swali la kuuza. Aliyelileta, yule mjukuu, hakuwa mwenye tamaa. Alikuwa amekopa kulipia matibabu ya bibi yake mwenyewe, na mdai alikuwa akimpigia simu kila wiki; hilo halikusemwa hadi kikao kilipokuwa nusu, na lilipaswa kusemwa mwanzoni. Wapo waliodai kwamba kuuza kitu chenye aya ni haramu moja kwa moja. Hoja hiyo haisimami hivyo tu, kwani tangu Abdul Malik bin Marwan alipotengeneza dinari mpya mwaka 77 wa Hijria, sarafu zenye maneno ya Surat al-Ikhlas zimepita katika mikono ya wanunuzi na wauzaji wa kila namna. Kizuizi cha kweli kilikuwa kingine: je, kikombe kilikuwa mali ya marehemu? Shangazi alishikilia kwamba mama yake alikipokea kwa ajili ya akina mama wa ukoo na alikuwa akikiita amana. Majirani wawili wazee, mmoja wao mwanamke aliyejifungua watoto wake wote akiwa amekinywea, walisema hivyo hivyo pasipo kusikilizana. Amana haiingii katika mirathi. Na kwa kuwa haiingii, lile swali zito ambalo hakuna aliyetaka kulitamka, kwamba mtoto wa kwanza amebatizwa na kwa fiqhi asingemrithi mama yake, halikuwa na sababu ya kuulizwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyetulia kuliko wote hapo. Alisema kwamba naye alikinywea akiwa mtoto, na homa yake aliikumbuka.

Nilishauri mambo matatu, nayo yakakubaliwa. Kwanza, pasiwe na mtu wa kunywea tena kikombe hicho, hasa mjamzito au mtoto, kwa sababu mchanga umeondoa bati na kufichua shaba, na bati na lehemu za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Shangazi alilipokea hilo kwa uzito, akauliza kama anaweza kutia maji na kuyamwaga kwenye mche wa mti, nikasema anaweza. Pili, picha zote, za kabla na za baada, ziwekwe pamoja na karatasi yenye vipimo, mwaka na maelezo ya matumizi kama alivyoyasema yeye. Tatu, nakala ipelekwe kwa maofisa wa mambo ya kale wa Wizara ya Maliasili na Utalii hapo Dodoma, maana hata baada ya kuamua kutouza, ni vema serikali ijue kwamba kipo, na hakuna kitu cha aina hii kinachopaswa kuvuka mpaka wa nchi bila kibali chao. Deni la matibabu liligawanywa kwa nyumba tano, na mzee wa Dodoma akachukua sehemu mbili.

Karatasi iliandikwa na mjukuu yule yule, kwa mwandiko mzuri, na alipofika kwenye maandishi ya ndani akauliza kama aandike pia lile kosa. Nikamwambia aandike. Hapo mmoja akapendekeza kwamba fundi atafutwe aongeze neno lililorukwa ili aya ikamilike, na wote wakanigeukia. Kabla sijajibu, shangazi alikuwa amekwisha kukifunga kikombe katika kaniki yake. Alisema kwamba mama yake hakuwa anasoma kwa macho, alikuwa anasoma kwa moyo huku akizungusha, na alipofika pale alikuwa analitamka "wala" kama kawaida, naye atalitamka.